Mkalimani wa Baba

Tarehe 4 Februari

Kaka, shikamoo.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimeichoka. Juzi ulipopiga nikamwekea Baba sikioni, ukaanza na Kiswahili chako cha mahakamani, "Mzee, hali yako inaendeleaje," mzee akageukia ukutani akafunga mdomo mpaka jioni. Sasa hata akiiona simu mkononi mwangu ananyamaza. Basi nimeamua kuandika, potelea mbali.

Mambo yako hivi. Hii ni wiki ya tano tangu kiharusi. Mkono wa kulia bado umelala, mguu anauburuta. Sauti imerudi, lakini imerudi na kikwetu peke yake. Kiswahili alichofundisha darasani maisha yake yote hakipo, hata neno "maji" hana. Daktari anasema wakati mwingine inakuwa hivyo, lugha ya utotoni inabaki na zilizokuja baadaye zinaondoka. Sawa, nimemwelewa daktari. Lakini katika nyumba hii nani anajua kikwetu? Mama hatunaye. Wewe uko huko. Mimi ndiye yule mtoto mliyemlea kwa Kiswahili kitupu, ambaye mashangazi walikuwa wanamsengenya mbele yake bila wasiwasi. Baba anaongea, mimi naitikia "ndiyo Baba", "sawa Baba", kama zuzu. Wiki iliyopita nimeitikia "sawa" nusu saa nzima, kumbe anataka kukojoa. Nilifua mashuka mawili siku hiyo.

Cherehani nimeihamishia chumbani kwake. Nashona sare za shule huku namwangalia, na mgongo umeniuma mpaka nimeuzoea. Sasa sikia. Kile kiwanda cha sare cha mji wa pili wamenitaka nikawe mkuu wa wakataji. Wasichana kumi na wawili chini yangu, meza ndefu, mwanga wa kutosha. Wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha. Nikienda, Baba itabidi aje kwako. Nikibaki, nafasi anapewa mwingine, na bahati ya namna hii haiji mara mbili kwa mtu wa miaka thelathini na tatu.

Kuna sentensi moja anaisema kila jioni nikishamgeuza ubavu na kumfunika. Haibadiliki. Ananiangalia usoni, anaisema taratibu, halafu anangoja. Nataka kujua anangoja nini. Nimeiandika ninavyoisikia kwenye karatasi ya kukatia mitindo, pamoja na nyingine tatu. Hiyo ya jioni nimeipigia mstari. Niambie anasema nini, Kaka. Kama ananihitaji nitabaki, wala hutanisikia nikilalamika. Kama hanihitaji, nataka kujua vilevile.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 13 Februari

Mdogo wangu Kitinda, marahaba.

Karatasi yako nimeipokea, na chaki ya fundi imenichafua suruali nzima mbele ya hakimu. Umeandika vizuri kuliko unavyodhani. Nilipoisoma kwa sauti, polepole, nilimsikia yeye kabisa.

Kabla sijatafsiri, nikukumbushe kanuni ya kazi yangu, maana ndiyo inayonilisha mwaka wa kumi na saba sasa. Mkalimani haongezi, hapunguzi. Na hasemi "shahidi anasema ameiba." Anasema "nimeiba." Nimekwisha kuiba ng'ombe, nimekwisha kumpiga mke wangu, nimekwisha kulia kizimbani kwa ajili ya mtoto nisiyemjua, yote kwa mdomo huu. Jioni nikifika chumbani kwangu nakaa kitandani na viatu miguuni, sina "mimi" iliyobaki ya kutumia.

Kwa hiyo soma hivi, kama Baba mwenyewe.

Ya kwanza: "Fungua dirisha, joto."
Ya pili: "Chai imepoa."
Ya tatu: "Mguu huu si wangu, wamenipa wa mtu mwingine."
Ya jioni, uliyoipigia mstari: "Mwanangu, mikono yako inanituliza. Usiende mbali nami."

Umeona? Anajua ni wewe. Kuhusu mimi kuja, kikao hiki cha mahakama kimejaa mpaka pomoni, na wakalimani wa lugha ya mahakama tumebaki wawili. Nitaangalia mwezi wa nne. Usijichoshe mno.

Kaka yako


Tarehe 27 Februari

Kaka, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, halafu nikaenda kukaa jikoni nikalia. Ee, nimelia, ucheke ukitaka. Karibu miezi miwili namfuta mtu mate, namgeuza, namnyoa, na kila siku najiuliza kama ananijua au ananiona tu kama ukuta unaotembea. Kumbe mikono yangu inamtuliza. Mikono yenyewe imejaa matundu ya sindano!

Kiwandani nimewajibu. Nimewaambia asanteni, siwezi, nina mgonjwa. Mama mwenye kiwanda alinipigia mwenyewe, akanibembeleza mara mbili. Nikamwambia baba yangu ameniomba nisiende mbali, na kauli ya mzazi siwezi kuiruka. Akasema, "Basi, mwanangu, Mungu akuone." Yamekwisha. Usiku huo sikupata usingizi vizuri lakini yamekwisha.

Swali moja dogo. Ile sentensi ya jioni mbona fupi hivyo, na tafsiri yako ndefu? Nimehesabu, yeye anavuta pumzi mara moja tu. Kikwetu ni lugha ya kubana matumizi nini? Na tena, nikishamwitikia "siendi, Baba, nipo," anakasirika. Juzi alinisukuma mkono. Anairudia sentensi kwa nguvu na kuonyesha mlango. Nadhani anataka nifunge mlango, kuna upepo.

Nakutumia nyingine sita. Nimeanza kuzoea sauti zake, kuna neno linarudi rudi.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 11 Machi

Kitinda,

Ungengoja kidogo kabla ya kuwajibu watu wa kiwanda. Sisemi umekosea. Nasema ungengoja. Huwezi kuwapigia tena?

Ndiyo, ni upepo. Funga mlango.

Hizo sita nitazitafsiri wiki ijayo, kichwa kimejaa. Nikueleze kilichokijaza. Jumatatu waliletwa watuhumiwa, mmojawapo mzee wa shamba, mambo ya mpaka na jirani yake. Hakimu anamwuliza jina, mzee anajibu kwa kikwetu. Anamwuliza tena kwa Kiswahili, mzee anatabasamu anajibu kwa kikwetu. Alikuwa anaeleza vizuri sana, Kitinda, kwa utaratibu, shamba lilianzia wapi na nani alihamisha alama. Hakimu akauliza ukumbini: nani anajua lugha ya huyu mzee?

Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Niliinamia daftari nikaanza kuandika tarehe. Niliiandika tarehe ileile mara nne. Kwenye fomu ya kazi, mahali pa kuorodhesha lugha, kikwetu sikukijaza, na miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza. Kesi ikaahirishwa, mzee akarudishwa mahabusu wiki tatu mpaka apatikane mtu. Alipopita karibu yangu alinisalimu, kwa kikwetu, kama aliyenusa. Nikamjibu kwa Kiswahili.

Mahakamani nasifiwa kwa ulimi mwepesi. Lakini nikifungua mdomo kwa kikwetu nakuwa na miaka tisa, na mtoto huyo ana kigugumizi. Hukujua, maana hujawahi kunisikia. Nimehakikisha hakuna anayenisikia.

Nimechoka. Nitaandika.

Kaka yako


Tarehe 24 Machi

Kaka,

Shikamoo yako leo sina.

Fundi viatu wa pale kona, yule mzee tuliyekuwa tunampelekea kandambili zikikatika, alikuja Ijumaa kumwona Baba. Sikujua kama ni mtu wa kwetu. Akakaa kwenye kigoda, wakaanza kuongea, na Baba akawa mtu mwingine, Kaka! Aliongea kama bomba lililofunguliwa. Akacheka! Tangu augue sijamwona akicheka. Nikakaa kwenye cherehani yangu na furaha yangu, naunga mikono ya shati, nikijiambia hata kama sielewi, si kitu.

Jioni ikafika, nikamgeuza, nikamfunika, akasema sentensi yake. Fundi viatu akaangalia chini. Nikamwambia, "Babu, najua anachosema. Kaka yangu ni mkalimani wa mahakama, ameshaniandikia. Anasema mikono yangu inamtuliza, nisiende mbali." Yule mzee akainuka kigodani. Akaanza kutafuta kofia yake, na kofia iko kichwani. Nikamshika mkono. Nikamwambia hutoki humu mpaka useme.

Akasema: "Anakwambia, dada, kazi imekwisha, nenda kwenu. Mwite mwanangu."

Dada wa kazi! Wiki kumi na mbili! Alikuwa ananionyesha mlango, na mimi nikaufunga kwa sababu ya upepo. Neno "mwanangu" lilikuwemo kweli, hukudanganya. Ila halikuwa langu. Lako hilo. Wewe ndiye unayeitwa kila jioni, na wewe ulilisoma kwenye karatasi yangu, ukajua, ukanigeuzia mimi. "Haongezi, hapunguzi." Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikajiona nimenawiri.

Uchungu wangu si Baba kutonijua. Ni mgonjwa, hana kosa. Uchungu wangu ni wewe. Nilikuuliza swali moja tu, kama ananihitaji au la, nikakwambia nitaamua maisha yangu kwa jibu hilo. Ulijua. Ukaamua mimi nibaki ili wewe usije.

Kiwandani nimepiga. Nafasi imeshachukuliwa.

Hizo sita usizitafsiri. Fundi viatu anapita kila siku akifunga kibanda chake.

Kitinda


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara tano. Mficha uchi hazai, basi ngoja niseme.

Kila ulichoandika ni kweli. Niliposoma "mwite mwanangu" nilijua ni mimi, na nilijua ukiambiwa utaniandikia neno moja: njoo. Nikaogopa. Nikajiambia nakufariji, na labda kidogo ilikuwa hivyo, maana sikuweza kukuandikia kwamba anakuona mtumishi. Lakini hilo la "usiende mbali" hakuna aliyelisema. Nimeliongeza mimi. Limekugharimu kazi, na sina cha kukulipa.

Ngoja nikueleze ninachokiogopa, ujinga wenyewe uusikie. Nilikuwa na miaka tisa. Shuleni kwa Baba kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea kikwetu unavishwa shingoni, unashinda nacho, mpaka umsikie mwenzako akikosea umvishe yeye. Siku moja Mama alishikwa na uchungu. Jirani akanituma, nikakimbia mpaka ofisi ya walimu, nikaingia bila hodi, nikamwambia Baba kwa kikwetu, Mama anaumwa, mtoto anakuja. Mkuu wa shule alikuwepo, na mkaguzi wa elimu, na walimu wote. Baba alinitazama. Akafungua droo, akatoa kibao, akanivisha. Kisha akasema, "Sasa rudia kwa lugha ya shule." Nikashindwa. Neno la kwanza lilikwama hapa kooni, nikalirudia mara tatu, mara nne, walimu wakacheka. Nilikwenda nacho hadi nyumbani. Nilipofika ulikuwa umeshazaliwa.

Mtoto mwenyewe ulikuwa wewe, Kitinda. Usiku huo Baba alimwambia Mama kwamba huyu hatasikia neno la kikwetu humu ndani, asije akavishwa na yeye. Alidhani anakuokoa. Hakuniomba radhi, wala hakukitaja tena kibao. Mimi nikajifunza Kiswahili na lugha ya mahakama mpaka zikawa ngozi yangu. Kikwetu nikakiacha palepale mlangoni mwa ofisi. Sasa amebaki nacho yeye, peke yake, ananiitia kwa lugha aliyonivulia heshima. Ningemjibu kwa sauti gani? Kwa kigugumizi? Ndiyo maana nampigia kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili mimi ni mtu mzima.

Jana mzee wa shamba aliletwa tena, na mtu wa lugha yake hakupatikana. Nilisimama. Nilimwambia hakimu najua lugha hiyo, na kwamba wiki tatu zilizopita niliijua vilevile. Sijui watanifanya nini, barua ya kujieleza imeshakuja. Nilimtafsiria mzee saa nzima. Nikigeuza kwenda Kiswahili natiririka, nikigeuza kwenda kikwetu nakwama. Karani alicheka. Mzee hakucheka. Aliningoja kila neno kama anamngoja mtu apande ngazi na mzigo.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba Jumapili saa nne unipigie ukiwa uani, mbali na Baba. Nitakufundisha maneno mawili matatu umwambie. Ni machache, lakini ni ya kweli.

Ruhusa nimeomba. Wakinipa au wasiponipa, tarehe kumi na nane nitakuwa kwenye basi.

Kaka yako


Tarehe 12 Aprili

Kaka, shikamoo.

Hasira bado ninayo, nimeiweka tu kando kwa sababu mikono imejaa. Kazi ya kiwandani bado inaniuma, nitakwambia uso kwa uso, jiandae. Lakini lazima nikusimulie kilichotokea, maana sina wa kumsimulia mwingine anayekijua.

Jumapili ulinifundisha sentensi mbili, "Baba, ni mimi binti yako," na "Kwetu ni hapa." Nilizirudia uani mpaka kuku wa jirani wakazijua. Sasa, Kaka, wewe ulizisema kwa namna yako, ile ya neno la kwanza kugonga gonga mara tatu ndipo linatoka. Kigugumizi chako ulikiandika, lakini mimi kikwetu nimejua lini hata nikitenganishe na neno? Nikadhani ndivyo inavyosemwa. Fundi hukata kama sampuli ilivyo. Nikabeba kila kitu, pamoja na kule kugonga gonga.

Nilimngoja fundi viatu aje, nisijiaibishe bila shahidi. Baba alikuwa ameketi na mito mgongoni, anatafuna mkate. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema sentensi ya kwanza, nikigonga gonga barabara kama mwalimu wangu. Fundi viatu akageuka kunitazama. Baba akaacha kutafuna. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniinua kidevu kwa ule mkono mzima, macho yamemjaa maji, akasema kitu, halafu akalitaja jina lako la utotoni, lile alilokuwa anakuita Mama. Fundi viatu akanitafsiria: "Anasema, huyu kafundishwa na mwanangu. Ni sauti ya mwanangu hii."

Niliona wivu, sitakuficha. Mtu niko mbele yake na sauti inayotambuliwa ni yako! Nikamwomba fundi viatu amwulize, na huyu je, unamjua? Baba akanitazama sana. Kisha akaanza kunisahihisha! Mwalimu ni mwalimu. Alinirudishia neno la kwanza mara sita, kidole juu, mpaka likatoka limenyooka. Anatufundisha kile alichotufungia, na wala hajui kama alikifunga. Nilicheka huku nalia.

Usidhani amepona. Jioni nilipomfunika alikuwa ameshasahau. Akanitazama, akaniambia kama kila siku, kazi imekwisha, nenda kwenu. Safari hii nilikuwa na jibu. Nikamwambia, kwetu ni hapa. Baba akasema neno fupi, na fundi viatu alikuwa bado mlangoni anavaa makubazi yake, akanitafsiria: "Haya. Basi kaa." Ndivyo tunavyoagana kila jioni sasa. Ananifukuza, namjibu, ananikaribisha. Mimi linanitosha, kwa leo.

Lakini kuna la kwako. Kabla fundi viatu hajaondoka nilimwomba amwulize swali moja ambalo wewe na mimi hatukuwahi kumwuliza. Huyo "mwanangu" anayeitwa kila jioni ni yupi, mkubwa au mdogo? Baba akatushangaa sote. Akajibu maneno mengi, akayasema mara mbili, na nilimwomba fundi viatu ayarudie polepole nikiwa na penseli. Sasa mkalimani ni mimi, na kanuni umenifundisha mwenyewe, nasema kwa mdomo wa mwenye maneno.

"Nawaita wote wawili. Wamechelewa kutoka shule. Mdogo njia haijui, lazima amfuate kaka yake. Na huyo mkubwa mwambieni avue kile kibao, asije nacho nyumbani. Nilimvisha mimi. Mwambieni shule imefungwa."

Ndivyo alivyosema, Kaka. Sikuongeza, sikupunguza.

Mdogo wako,
Kitinda